Mjomba, Picha Ile Siitoi

Najua nimekuwa kimya humu, na wengine mmeanza kuulizana kama nimehama au nimeolewa kimya kimya. Hapana jamani, nipo. Ni zamu za usiku tu, na mwili nao siku hizi haukubali kukesha kama zamani. Leo niko mapumziko, nimejipikia wali wa nazi (nazi ya kopo, msinicheke), nimekaa na kikombe changu cha chai na nina jambo. Ni refu, kwa hiyo mwenye sufuria jikoni akaitazame kwanza ndipo aje asome.

Mnajua kilichotokea. Wiki tatu zilizopita niliweka humu picha ya kwilti niliyomshonea marehemu Mama Mdogo. Haikupita siku mbili, saa kumi alfajiri ya huku, nimetoka kumbadilishia mgonjwa dripu, simu ikatetemeka mfukoni. Mjomba. Nikajua kuna msiba, maana Mjomba hapigi simu bure. Kumbe msiba wenyewe ni mimi. Nikaambiwa niitoe picha ile kabla jua halijazama. Na kwenye kundi la WhatsApp la ukoo nako mkaendeleza, hadi wale ambao hawajawahi kunijulia hali tangu nimepanda ndege walipata la kusema siku ile!

Kumjibu Mjomba kwa simu siwezi. Adabu hainiruhusu kumkatisha mtu mzima, na yeye akianza haachi upenyo. Kwa hiyo namjibu hapa, kwa maandishi, na nyote mnisikie. Shikamoo yako iko palepale Mjomba. Lakini picha siitoi.

Kwanza kwa ambao hawajui kwilti ni kitu gani. Ni kama blanketi lenye tabaka tatu: juu kuna vipande vya vitambaa vilivyounganishwa kwa mpango, katikati unalaza pamba nyembamba, chini unaweka bitana, kisha unazishona tabaka zote tatu kwa pamoja, mishono midogo midogo, ili pamba isikimbie ikajikusanya upande mmoja. Wazee wa Pwani wana neno mfarishi, linakaribiana. Ziko kwilti za kujifunika, na ziko za kutundika ukutani, ambazo mtu anazishona kwa sababu ana jambo la kusema. Mimi nashona hizi za pili.

Nilianza mwaka 2020. Mlionipigia simu mwaka ule mnakumbuka nilikuwa sipokei. Wodi yetu iligeuzwa kuwa ya Korona, watu wanakata roho na ndugu zao hawaruhusiwi kuingia, sisi manesi ndio tunaoshika simu ili mke amuage mumewe kwa video. Nikirudi nyumbani silii wala silali, nakaa tu kwenye kochi na viatu mguuni. Nesi mwenzangu mmoja, mama mtu mzima, Mmarekani mweusi mzaliwa wa Alabama, akaniona ninavyokwisha. Akaniambia njoo kwangu Jumapili. Tukakaa barazani kwake, kila mtu na kiti chake, mbali mbali. Hakuniuliza chochote. Alinipa mkasi na nguo zake mbili za kazini zilizochakaa, akasema kata. Nikakata. Jumapili iliyofuata nikarudi na zangu.

Ile kwilti ya kwanza ni ya bluu tupu, nguo za wodini za manesi sita. Haina jina la mtu. Niseme hili mapema: sijashona jina la mgonjwa wangu hata mmoja na sitashona, maana siri ya mgonjwa nimeila kiapo. Lakini usiku nilioshona pindo la mwisho nililia, tena nililia sana, kisha nikalala saa kumi na moja mfululizo. Mwenye kutaka kuniambia kwamba hiyo ni kazi ya kupoteza muda aje anieleze yeye angenipa dawa gani.

Haya, sasa tuje kwenye mashtaka. Mjomba ana mashtaka manne na nitayajibu moja moja.

La kwanza: "Tulichangishana ukoo mzima ukapate shahada, leo unatuonyesha viraka?"

Mjomba, shahada yangu ya uuguzi ipo, imetundikwa ukutani, na ndiyo inayolipa kodi ya nyumba. Lakini nani alikuambia kiraka ni umaskini peke yake? Tuwaulize bibi zetu kanga ilitoka wapi. Historia inayosimuliwa pale kwetu Pwani ni kwamba karne ya 19 wanawake walikuwa wakinunua leso za mkononi zilizokuja zikiwa bado hazijakatwa, wanakata sita, wanazigawa tatu tatu, wanaziunganisha ubavu kwa ubavu mpaka inapatikana nguo moja ya kujitanda. Ndiyo maana mpaka leo wengine wanaiita kanga leso. Wafanyabiashara walipoona mtindo unapendwa, wakaanza kuichapa nzima nzima. Maana yake ni kwamba ile doti mnayomvika bibi harusi, ile mnayomfunikia marehemu, mwanzo wake ni vipande vilivyoungwa na mwanamke aliyekaa na sindano yake. Hakuomba ruhusa kwa mtu.

Kisha wakaiwekea maneno. Ukinunua kanga unatazama pindo, unatazama mji, lakini kwanza unasoma jina. Nani kati yenu hajawahi kuona shangazi akipita mbele ya mlango wa jirani mara tatu, hana anakokwenda, ili tu jina la kanga lisomeke? Sisi ni watu tunaosema kwa nguo tangu zamani. Tukigombana na wifi tunasema kwa nguo. Tukipenda tunasema kwa nguo. Leo nimesema kwa nguo jambo la maana kuliko ugomvi wa uani, ndiyo mnashtuka?

La pili: "Umeiga Uzungu."

Hapa ndipo nilipocheka hadi mwenzangu wa zamu akauliza kuna nini. Uzungu upi Mjomba? Ninapoishi hapa Georgia, mwendo kama wa saa moja na nusu kwa gari kuna mji unaitwa Athens. Karibu na mji ule mwaka 1837 alizaliwa mwanamke anaitwa Harriet Powers. Alizaliwa mtumwa. Baada ya utumwa kufutwa alishona kwilti ya visa vya Biblia, watu na wanyama wamekatwa kwenye kitambaa na kushonewa juu yake, na mwaka 1886 ikaonyeshwa kwenye maonyesho ya pamba. Mwalimu mmoja wa sanaa, Mzungu, akaitaka. Akakataa kuuza. Baada ya miaka michache hali ikambana, akaenda mwenyewe, akaomba dola 10, akapewa 5. Alipokuwa anaikabidhi alieleza kipande kimoja kimoja maana yake ni nini, na mnunuzi akayaandika maelezo yake. Na baadaye alikuwa anarudi kuitazama, kama mtu anayekwenda kumwona mtoto aliyemwacha kwa watu.

Leo kwilti ile iko kwenye makumbusho ya taifa kule Washington. Ya pili iko Boston, na humo ameshona usiku wa mwaka 1833 nyota zilipoanguka kama mvua, watu wakadhani kiama kimefika. Yeye alikuwa hajazaliwa. Alishona kile alichosimuliwa na wakubwa zake. Zinazojulikana kubaki ni hizo mbili tu, na kwa hizo mbili tunajua alichokiwaza mama aliyezaliwa akiwa mali ya mtu mwingine.

Na huko Alabama anakotoka mwalimu wangu wa baraza, kuna kijiji kiko kwenye kona ya mto, kinaitwa Gee's Bend. Watu wake ni vizazi vya waliokuwa watumwa kwenye shamba la pamba la familia ya Pettway, ndiyo maana wengi wao jina lao ni Pettway mpaka leo. Mwaka 1962 walipoanza kutaka kujiandikisha kupiga kura, kivuko chao cha mto kilisitishwa, ikabidi wazunguke mbali kufika mjini. Kivuko hakikurudi mpaka mwaka 2006! Wanawake wa kijiji hicho walikuwa wakishona kwilti kwa nguo za shambani zilizochakaa kwa sababu nyumba zao zilipitisha baridi. Mwaka 2002 kwilti hizo zikatundikwa kwenye makumbusho ya sanaa Houston, kisha New York, na watu wakapanga foleni. Mwaka 2006 zikachapwa kwenye stempu za posta za Marekani.

Mmoja wao nampenda kuliko wote, Missouri Pettway. Mumewe alifariki. Akachukua nguo zake za kazi, zile zilizopauka magotini na zenye alama pale mifuko ilipokuwa, akaziunga kuwa kwilti ya kumkumbuka na kujifunika. Nguo za mtu aliyelima. Hakuongeza ua wala nakshi. Sasa niambie Mjomba, hapo Uzungu uko wapi? Mimi naona mjane tu, na mjane tunamjua.

La tatu: "Hela hiyo ungetuma nyumbani."

Hili nitalijibu kifupi maana lina karaha. Kwilti ya Mama Mdogo imenigharimu dola 38, pamba ya kati na uzi na bitana ya kupunguzwa bei. Vitambaa vingine vyote nilikuwa navyo, na nitawaambia vilitoka wapi. Ada za watoto wawili zimelipwa mwezi wa kwanza na risiti ninazo. Paa la nyumba ya Bibi limeezekwa. Sihesabu kwa kujisifu, nahesabu kwa sababu nimehesabiwa. Mnadhani mtu aliye majuu ni mashine ya kutolea pesa, ukiingiza malalamiko zinatoka noti. Nami nina moyo jamani, na moyo nao una matumizi yake.

Sasa la nne, na hili ndilo lenyewe. "Umetutangazia aibu. Umeandika kwamba dada yangu alikufa kwa UKIMWI."

Ndiyo. Nimeandika. Kwa uzi mwekundu, herufi kubwa, jina lake, mwaka 1966 hadi 2002, FUNDI CHEREHANI, na chini yake, UKIMWI.

Wadogo mliozaliwa baadaye mnamjua Mama Mdogo kwa picha moja ya studio tu. Acheni niwaambie alikuwa nani. Alikuwa na cherehani ya kukanyaga kwa miguu, Singer, barazani pale Ngamiani, na mtaa mzima ulivaa mkono wake. Sare yangu ya darasa la kwanza aliishona yeye, akaiachia upindo mrefu chini, akaniambia hii utafika nayo la tatu, na nilifika nayo la tatu. Aliponifundisha kupiga bandi nilikuwa na miaka saba. Kila kitambaa alichokata, mabaki yake aliyatia kwenye kiroba chini ya meza. Hakutupa kitu.

Alipoanza kukonda, mwanzoni wateja walimwonea huruma. Halafu maneno yakaanza. Kakanyaga waya, ana ngoma, na majina mengine yote mnayoyajua. Nakumbuka wiki ile. Walikuja mmoja mmoja kudai vitambaa vyao ambavyo havijashonwa. Hawakusema kwa nini. Nimeamua nguo nyingine. Nimepata safari. Mmoja alikuwa ameshapimwa na kitambaa kimeshakatwa, akakichukua hivyo hivyo vipande vipande. Mama Mdogo aliwakunjia kila mmoja mzigo wake vizuri, akawashukuru. Walipokwisha akaifunika cherehani kwa kanga, na hakuifunua tena.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Nilikuwa nampelekea uji. Niliambiwa nisikae karibu, nikakaa. Siku moja akaniambia, na haya sijawahi kumwambia mtu: "Wanasema nimelogwa. Mimi najua ninaumwa nini, nilipimwa. Siku ukiwa mkubwa usiwaache waseme nililogwa."

Alipofariki Mjomba alisimama msibani akasema ni malaria. Godoro lake likachomwa, na nguo zake. Kilichopona ni kanga mbili alizojificha nazo binti yake, na kile kiroba cha mabaki, kwa sababu Bibi alikuwa ameshayajaza kwenye mto na hakuna aliyejua. Bibi aliulalia mto ule miaka kumi na saba. Alipofariki mwaka 2019 nikaja msibani, nikauomba mto, mkanipa mkicheka, mto wa nini na huko kuna mito ya manyoya. Nilipoufumua huku Georgia, yakatoka yote. Khanzu za Idi, kitenge cha harusi, sare za shule, dera za nani na nani. Nguo za mtaa mzima, za miaka yote ile.

Kwa hiyo wale ambao mlikuja kuchukua vitambaa vyenu barazani, nataka mjue hamkuvichukua vyote. Mabaki yenu yamo humo kwenye kwilti. Yamelizunguka jina lake pande zote nne. Sikufanya hivyo kwa kuwatukana. Ndivyo mtaa ulivyokuwa: mlimzunguka, mkamwacha, na bado ni wa kwenu.

Mjomba anasema hakuna watu wanaofanya mambo haya. Wapo. Mwaka 1985 San Francisco, kwenye maandamano, watu waliandika kwenye makaratasi majina ya wapenzi na ndugu zao waliokufa kwa UKIMWI, wakayabandika kwenye ukuta wa jengo la serikali. Mwanaharakati mmoja, Cleve Jones, akautazama ukuta ule akaona unafanana na kwilti. Mwaka 1987 wakaanza kushona kweli. Kila marehemu kipande chake, futi 3 kwa 6, ukubwa wa kaburi. Walichagua kipimo hicho makusudi. Wengi wa waliokufa mwanzoni walikuwa wanaume mashoga ambao familia zao ziliwakana, na wengine hata maziko ya heshima hawakuyapata. Najua hapo baadhi yenu mtakunja uso. Kunjeni, lakini endeleeni kusoma. Oktoba 11, 1987 waliitandaza Washington ikiwa na vipande 1,920, na majina yakasomwa kwa sauti. Leo vinafika kama 50,000, vyenye majina zaidi ya 110,000, uzito wake tani 54. Wamo watoto, wamo kina mama, wamo watu wa kila namna. Mimi niliona sehemu yake kwenye chuo kimoja tarehe 1 Desemba. Kulikuwa na kipande chenye shati la mtu limeshonewa mzima mzima, kola, vifungo na vyote. Nilisimama pale nikamwona Mama Mdogo hana hata futi moja ya kitambaa duniani yenye jina lake.

Na sisi je? Wagonjwa wa kwanza nchini kwetu waligunduliwa Kagera mwaka 1983. Mnajua watu wa kule waliuitaje ugonjwa ule mwanzoni? Juliana, jina la kitambaa kilichokuwa kwenye fasheni wakati ule. Yaani hata jina la kwanza tulilolipa gonjwa hili ni la nguo, ili tusiseme lenyewe. Tumezika, tumezika, na kwenye kila msiba anasimama mtu mzima anasema malaria, kifua, presha, mkono wa mtu.

Mjomba, sitakuwa mkweli nikisema ulifanya kwa ubaya. Mwaka 2002 dawa hazikuwepo kwa watu kama sisi. Uliogopa binti yake angetengwa shuleni, na huenda angetengwa kweli. Ulimficha mtoto nyuma ya neno malaria na mtoto akasoma. Kwa hilo nakushukuru, na yeye anakushukuru. Sikulaumu kwa mwaka 2002. Nakulaumu kwa mwaka 2007.

Maana mwaka 2004 serikali ilianza kutoa dawa za kurefusha maisha bure. Bure Mjomba! Na mdogo wenu wa mwisho, sote tunajua, aliumwa mwaka 2006, dawa ziko mji huo huo anaolala, na akafa mwaka 2007 bila kumeza hata kidonge kimoja. Kwa nini? Kwa sababu dirisha la dawa lilitazama barabara, na aliona bora afe kuliko kuonekana kwenye foleni ile. Nani alimfundisha kwamba ugonjwa huu ni aibu kiasi hicho? Tulimfundisha sisi, siku tuliyochoma godoro. Jina lake silishoni, kwa sababu yeye hakuniachia ruhusa na mjane wake hataki, nami ninaheshimu. Ila msiniambie siri hailipiwi. Tumeshailipia mtu mzima mwenye miaka thelathini na minne.

Mimi ni nesi, naona kila siku. Leo mwenye virusi akimeza dawa zake vizuri anaishi akazeeka, na virusi vikishuka hadi havionekani kwenye kipimo, hamwambukizi mwenzi wake kwa tendo la ndoa. Hayo si maneno ya mabango, ni kazi yangu. Kinachoua watu wengi sasa ni kuchelewa kupima na kuacha dawa, na mara nyingi nyuma ya hayo kuna mtu anaogopa ukoo wake. Humu humu kwenye ukoo wetu, kwa idadi tuliyo nayo, mnadhani hayupo hata mmoja anayemeza vidonge chooni? Mimi nimemshonea huyo pia. Ajue kwamba ipo familia ambayo jina lake linaweza kutajwa pamoja na ugonjwa wake, na bado likaandikwa kwa uzi mzuri.

Mtasema marehemu hana wa kumtetea, nani alinipa haki. Nimewaambia alichonituma. Na bado sikuanza mpaka nilipomuuliza binti yake, ambaye ndiye mwenye mama. Alikaa kimya wiki nzima. Kisha akanitumia kwa mtu anayekuja huku zile kanga mbili alizojificha nazo akiwa na miaka tisa. Moja jina lake ni WEMA HAUOZI. Akaweka sharti moja: jina kamili libaki kwenye nguo, nisiliandike humu ambako kila mpita njia anasoma, na pichani nilizibe. Ndiyo maana pale kwenye jina mliona nimeweka kiganja changu. Kwa hiyo Mjomba, hata aibu unayoilalamikia, watu wa nje hawaijui ni ya nani. Wanaomjua ni sisi. Kinachokuuma ni kwamba sisi wenyewe tumesoma.

Mwezi wa kumi na mbili nakuja, Mungu akipenda, na nitakuja nayo. Haina uzito, naikunja tu kwenye begi. Nataka siku tukisoma hitma ya Bibi itandikwe barazani pale pale ilipokuwa cherehani. Asiyetaka kuitazama asiitazame, simlazimishi mtu. Lakini nimeacha sehemu ya chini bila kumaliza kwa sababu vitambaa viliniishia. Kama kuna aliye na nguo yoyote iliyoshonwa na Mama Mdogo, hata kama imechanika, hata kama panya wamekula, naomba kipande. Na Mjomba, nakumbuka ulikuwa na suruali ya kijivu aliyokushonea siku ya kipaimara cha rafiki yako yule wa bandari, uliivaa mpaka ikapauka. Kama ipo, nitengee hata mfuko tu.

Maoni yenu nayasubiri, na matusi pia nitayasoma nikitoka zamu. Nawapenda wote. Alamsiki.

Wenu, nesi wa Georgia